Kuchana Bafta

Binti yangu anafanya kazi ofisini, Posta, ghorofa ya tisa, mahali ambapo hata maji ya kunywa yana mashine yake. Jioni moja alirudi na karatasi. Walikuwa kwenye semina, akasema, na kila mtu alitakiwa aandike ni kitu gani angependa kibaki nyuma yake kutokana na kazi anayoifanya. Yeye alishindwa kujaza. Alinikuta nimekaa mkekani nakunja bafta nyeupe ya sanda, akavua viatu, akaniuliza kwa utani tu, "Hivi Mama, wewe kazi yako itaacha nini?"

Nilikasirika, na hata mimi mwenyewe nilishangaa nilivyokasirika. Kazi yangu ni kuosha maiti wa kike na kuwatengenezea sanda. Nimeifanya Kariakoo na Ilala kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila nguo iliyotoka mikononi mwangu imezikwa siku ileile, nyingi kabla ya alasiri. Hakuna iliyowahi kutundikwa kabatini, hakuna aliyeivaa mara ya pili, hakuna aliyepiga nayo picha. Nikamwambia, "Itaacha mashimo yaliyofukiwa. Andika hivyo kwenye karatasi yako." Akaona nimekunja uso, akaenda zake kuoga.

Lakini lile swali lilinikaa. Kesho yake nilipita mitaa ya Kariakoo nikawa natazama juu badala ya kutazama njia. Kila mtaa una ghorofa jipya, na kila ghorofa limeandikwa jina la ukoo kwa herufi kubwa, au herufi za mwanzo za majina ya watoto wa mwenye nyumba. Hao hawana shida ya kujaza karatasi. Mimi nilikumbuka maneno ya mtani wangu mmoja wa Kinyamwezi, mama mwenye mdomo usio na breki, aliyesimama katikati ya msiba wetu Wazaramo kule Ilala akanionyesha kidole mbele ya watu wote: "Jamani mtazameni huyu! Ndiye fundi pekee mjini hapa ambaye hajawahi kurudishiwa nguo na mteja!" Watu walicheka mpaka wafiwa wakacheka. Nami nilicheka siku hiyo. Siku ile ya karatasi sikuona cha kuchekesha.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa na duka la vitambaa chini ya nyumba tuliyokuwa tumepanga. Alikuwa Mwarabu, wazee wake walitoka Yemen, lakini yeye alizaliwa Kariakoo, akakulia Kariakoo, na Kiswahili chake kilikuwa kikali kuliko changu. Mtaa mzima tulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa mrefu mno, akiingia kwenye mlango wa duka lake mwenyewe ilibidi ainame. Alikuwa mwoshaji tangu kabla sijazaliwa.

Nilimjua vizuri siku aliyokufa mama yangu. Nilikuwa msichana, nimesimama mlangoni pa chumba cha kuoshea nalia kwa sauti, wanawake wananivuta huku na huku wakinibembeleza. Bi Mkubwa hakunibembeleza. Alitoka na bafta begani, akaniangalia kutoka huko juu aliko, akasema, "We mtoto, acha kelele. Shika upande wa pili." Nikashika. Akaing'ata bafta kidogo ukingoni, akaivuta, ikachanika kwa mlio mmoja mrefu kutoka kwake mpaka kwangu. Nilinyamaza. Sijui kwa nini, lakini nilinyamaza, na tukachana sanda yote ya mama yangu hivyo hivyo, mimi upande huu na yeye upande ule.

Bafta ya sanda kwake haikukatwa kwa mkasi, ilichanwa kwa mikono, watu wawili. Nilimuuliza sababu kwa nyakati tofauti na kila mara alinipa jibu jipya. Mara ya kwanza alisema ndivyo alivyofanya mama yake. Mara ya pili akasema bafta ikichanwa inafuata uzi wake yenyewe na hainyooshwi na mtu. Mara ya tatu alikuwa amechoka na maswali yangu, akasema mikasi huibiwa sana kwenye nyumba za msiba.

Alinifundisha kupima. Unachana kwanza ukanda mwembamba, unaulaza juu ya marehemu tangu utosini mpaka vidole vya miguu, unaongeza shibiri moja juu na moja chini. Hakuna futi, hakuna namba. Ukishapata urefu wa shuka zake, ukanda uleule unaufanya mkanda wa kufungia sanda kiunoni, ili kipimo cha mtu kiondoke naye. Halafu alinifundisha fundo. Hapo ndipo aliponitesa. Nilifunga, akalifungua, akasema bado. Nilifunga tena, bado. Wiki nzima nilifunga vitambaa kwenye miguu ya meza ya dukani kwake, wateja wananikanyaga. Sikuelewa alichotaka, na yeye hakunieleza. Siku lilipotoka sawasawa alisema tu, "Hilo," akaendelea kupimia watu kitambaa.

Miaka ilipita, magoti yake yakakataa, nami nikawa ndiye naitwa. Siku moja nimekaa naye dukani akanikamata mkono. "Nisikilize. Yangu uichane wewe. Wasije wakanifunga kama mzigo wa kwenda bara." Nikamwambia asizungumze mambo hayo. Akaniminya mkono mpaka ukauma. "Sema utaichana." Nikasema nitaichana.

Kisha zikaja pakiti.

Niliziona mara ya kwanza kwa jirani yetu mwenye duka la jumla, Mchaga mmoja mstaarabu, Mkristo anayefunga duka kila Jumapili asubuhi hata dunia ipinduke. Aliniita kwa furaha. "Mama, shikamoo! Njoo uone mzigo mpya, huu ni wa watu wako." Akanifungulia mfuko wa nailoni wenye zipu. Ndani kulikuwa na sanda iliyokwishakatwa, pamba, kafuri, marashi, sabuni, na glavu. "Kila kitu kimo humu ndani."

"Marahaba," nikamwambia. "Na maiti naye yumo?"

Maskini alichungulia tena ndani ya mfuko. Baadaye alicheka, ni mtu mwema, tunaheshimiana mpaka leo. Na nitasema kweli, pakiti zina kazi yake. Mtu akifia hospitali ya mbali, au msiba ukiangukia watu wasiojua pa kuanzia, pakiti inawasitiri. Sikuwa na ugomvi na pakiti. Ugomvi ulianza pale kamati ya akina mama ya msikiti ilipozinunua kabati zima, ikaniita kikao, na mwenyekiti, dada mmoja mdogo kwangu kwa miaka ishirini, akaniambia kwa sauti ya asali, "Mama yetu umetumikia sana. Sasa pumzika. Kuanzia sasa tutatumia hizi, ni haraka na zote zinafanana."

"Watu hawafanani," nikasema.

"Tunajua Mama, lakini tuwe na utaratibu mmoja."

Kupumzika! Nikae barazani niwe kama kiti kilichovunjika mguu ambacho watu wanaona haya kukitupa. Nilinyanyuka kwenye kikao kile nikaondoka bila kuaga. Ni utovu wa adabu, najua, na sijawahi kuomba radhi. Wao wakaendelea na pakiti zao, nami wakaniita kuosha tu, na mara nyingine hawakuniita kabisa.

Bi Mkubwa alifariki siku chache baada ya ile karatasi, asubuhi ya siku ya kazi. Duka lake lilikuwa limekwishapangishwa kwa wauza makava ya simu, lakini yeye alikuwa bado anaishi juu yake, chumba kilekile. Mwanawe wa kiume, mtu mzima mwenye mvi sasa, alinipigia simu akilia. Nikachukua bafta niliyoiweka kwa ajili yake, nikampigia binti yangu ofisini kumpa habari, nikaenda.

Nilipoingia chumbani, pakiti ilikuwa tayari juu ya meza. Mwenyekiti alikuwepo, na wanawake wawili ambao huosha pamoja nami, na binamu wa marehemu wamekaa ukutani. Bi Mkubwa amelala kitandani amefunikwa shuka, miguu yake imefika mwisho wa kitanda na kupita kidogo. Nikaona bafta yangu inakuwa nzito begani.

"Mama, pole sana," akasema mwenyekiti. "Vifaa vipo, tusihangaike. Wanaume wanataka kuiwahi adhuhuri."

"Nilimwahidi," nikasema. "Sanda yake naichana mimi."

"Tunaelewa, ila utaratibu—"

"Utaratibu wenu ulimwahidi nini?"

Akaniangalia kama anamwangalia mtu aliyeanza kupoteza akili kwa uzee. Akasema kwa upole, ili wote wasikie, kwamba marehemu alikuwa mrefu lakini wao wamechagua saizi kubwa, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi, itamtosha. Nikaona wote wananitazama wakidhani hilo ndilo ninalolipigania. Basi nikachana ukanda wangu, nikampima Bi Mkubwa taratibu, tangu utosini mpaka vidoleni, shibiri juu, shibiri chini. Kisha nikafungua pakiti yao, nikaikunjua shuka, nikaupitisha ukanda juu yake mbele ya macho yao.

Ilitosha, tena ilizidi. Kitambaa kilikuwa kizuri, kinene kuliko changu, na kamba zake zilikuwa imara.

Ningeweza kusema uongo. Wazo hilo lilinipita, sitaficha. Nilikuwa nimeombea moyoni iwe fupi, niwaaibishe wote mara moja. "Inamtosha," nikasema. "Haina kasoro. Lakini hataivaa."

"Sasa kwa nini, Mama?" Safari hii mwenyekiti alikuwa amekasirika kweli.

"Kwa sababu aliomba mkono wangu, hakuomba kitambaa. Amewavisha mama zenu na bibi zenu mtaa huu wote. Hakuna hata mmoja aliyemtolea sanda kwenye mfuko wa nailoni. Leo zamu yake ndiyo tunapata haraka?"

Mwanawe akabisha hodi kwa nje. "Mama mdogo, samahani, watu wanauliza. Jeneza limeshafika."

"Adhuhuri imeshaadhiniwa?"

"Bado, Mama mdogo."

"Basi waambie wakae."

Nikaikunjua bafta yangu. Na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu bafta haichanwi na mtu mmoja. Nikamtazama wa kwanza kati ya wale waoshaji wenzangu. Akatazama sakafu. Wa pili akaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangika. Walimwogopa mwenyekiti, na siwalaumu sana, wao ndio watakaobaki naye kwenye kamati. Binamu walikuwa wanalia. Nilisimama katikati ya chumba na ncha ya bafta mkononi, mtu mzima na mvi zangu, hakuna wa kunishikia. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona maisha yangu yote. Nikasema moyoni, wakinilazimisha nitaikanyaga kwa mguu na kuichana hivyo hivyo, hata ikinichukua mpaka magharibi.

Mlango ukafunguka, akaingia binti yangu. Alikuwa ametoka Posta kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja kwa sababu ya foleni, jasho linamtoka, ameshika viatu vya ofisini mkononi, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni. Mtoto huyu tangu utoto anaogopa maiti. Hajawahi kuvuka kizingiti cha chumba cha kuoshea, hata bibi yake upande wa baba alipofariki alikaa nje. Alitazama kitandani, akatazama wanawake wale, akanitazama mimi na kitambaa changu.

"Shika upande wa pili," nikamwambia. Sauti yangu ilitoka kali, kumbe nilikuwa karibu kulia.

Akaweka viatu chini. "Nishike wapi?"

"Hapo kwenye ncha. Usivute mpaka nikuambie."

Akavuta kabla sijamwambia. Bafta ikachanika mshazari, ikaingia ndani kabisa kuelekea katikati. Nikamfokea mbele za watu na mbele ya marehemu: "Una haraka ya kwenda wapi? Kuna semina?" Hakuachia ncha. Tukaanza upya. Ya pili ikanyooka kidogo, ya tatu ikanyooka zaidi, na ya nne ikachanika kwa ule mlio mmoja mrefu kutoka kwangu mpaka kwake, nikamwona ananyanyua macho. Kile kipande kilichopinda sikukitupa. Nilikifanya nguo ya chini, ya kiunoni, ambayo hufunikwa na nyingine zote. Nina hakika Bi Mkubwa angenitukana kwa ajili yake kwa wiki nzima, kisha angemtumia mtoto kashata.

Tulimwosha, tukamvisha. Wale wenzangu wawili nao walikuja, wa kwanza akaleta maji, wa pili akashika udi. Ukanda wa kipimo nikaufunga kiunoni mwake kwa lile fundo. Mwenyekiti alisimama pembeni na pakiti yake mikononi mpaka mwisho. Alipotoka aliniambia kamati italizungumza jambo hili. Nikamwambia ilizungumze kwa sauti ili na sisi wa mtaani tusikie. Adhuhuri ikaadhiniwa tukiwa tumeshamaliza, na jeneza likatoka kwa wakati wake.

Siku ya pili yake mwanawe alikuja kwangu. Nilidhani amekuja kunilaumu kwa kumfedhehesha mbele ya watu. Alikaa barazani, akakataa chai, akazungushazungusha kofia yake mkononi kwa muda.

"Mama mdogo, mimi ndiye niliyeingia kaburini kumpokea," akasema. "Unajua lazima umfungue zile kamba ukishamlaza."

"Najua."

"Niliwahi kumfungua baba. Mikono ilikuwa inanitetemeka, machozi yamejaa, sioni kitu, fundo limekaza, watu wamenizunguka juu wananiangalia. Nilihangaika mpaka mtu akaniletea kisu. Sijawahi kulisahau lile jambo. Jana nilikuwa naliogopa kuliko kitu chochote." Akaiweka kofia gotini. "Niligusa tu, Mama mdogo. Nilivuta mara moja kwa mkono mmoja, nimefumba macho, likaachia."

Alipoondoka nilikaa pale barazani nikalia kama msichana yule wa mlangoni. Ilinichukua miaka yote hiyo kuelewa wiki ile ya miguu ya meza. Mimi nilidhani nafunga kwa ajili ya maiti. Kumbe alikuwa ananifundisha kumfungia mtoto wa maiti, mtu anayelia, asiyeona, anayetazamwa na watu. Ni wangapi wamevuta fundo langu wakiwa chini huko? Hawakujua ni langu, na hawana haja ya kujua. Wenye maghorofa waandike majina yao hata kwenye paa.

Kamati ilikaa, ikaamua pakiti zitumike kwa wote. Ni haki yao. Nami nikaanza kupita nyumba kwa nyumba, mchana kweupe, nikiwaambia wanawake wa mtaa kwamba anayetaka kuchaniwa awaambie watoto wake angali hai, mbele ya mashahidi, na nitakuja, na mwenyekiti akitaka kunitoa anitoe kwa kunibeba. Hadi sasa wameshaniagiza wengi. Wawili kati yao walikuwa kwenye kamati.

Jumamosi iliyofuata mazishi, binti yangu alikuwa amekaa mezani, ile karatasi ya semina ipo chini ya kikombe chake cha chai, bado haijajazwa, ina alama ya duara. Hakuigusa. Alikuwa amechukua ule mkanda wa kitambulisho chake cha ofisini, ameuzungusha kwenye mguu wa meza, anajaribu kulifunga lile fundo kwa kukumbuka alivyoniona. Nikavitazama vidole vyake. Alipomaliza akanigeukia, ameridhika.

"Hilo hapo, Mama."

"Fumba macho," nikamwambia. "Mikono iache itetemeke. Haya, fungua."

Akavuta. Halikufunguka. Akavuta tena, meza ikasogea, chai ikamwagikia karatasi.

"Bado," nikasema. "Funga tena."